Meza chongesha hapa, kiti katafute: kupanga ofisi ya nyumbani Mtwara na Lindi mzigo wa Dar unapokwama

Anayeanza kufanyia kazi nyumbani Mtwara au Lindi huwa na orodha fupi: meza, kiti, pengine na rafu moja ya mafaili. Shida ni kwamba wengi huitafuta orodha nzima mahali pamoja. Ama wanaagiza kila kitu Dar es Salaam, ama wanamkabidhi fundi wa mtaani kila kitu. Ushauri wangu ni kutenganisha. Meza nzuri inatengenezeka hapahapa, kwa mbao zinazopatikana hapahapa, na mara nyingi itaizidi ya dukani kwa umri na kwa kipimo. Kiti cha kukalia kutwa nzima ni habari nyingine. Kina vipuri ndani yake, na seremala hana vipuri hivyo.

Kwa hiyo nitalinganisha meza peke yake na viti peke yake.

Kwa nini mzigo hukwama

Viti vingi vya ofisi vinavyouzwa nchini vinatoka China kwa meli, na bei yake hupanda na kushuka na mambo yaliyo mbali na sisi. Mwaka 2020 watu duniani kote walihamishia kazi majumbani kwa mkupuo; meza na viti vikaadimika madukani, makontena nayo yakawa ya kugombewa. Machi 2021 meli ya Ever Given ikaziba Mfereji wa Suez kwa siku 6. Kuanzia mwishoni mwa 2023 meli nyingi zikaikimbia Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika.

Sisi wa kusini tuna foleni ya pili. Mzigo ukishashushwa Dar bado una zaidi ya kilomita 500 za kuja Mtwara, na barabara hiyo inapita mabonde ya Rufiji na Kilwa ambako mvua ikikolea madaraja huwa hatarini. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara ilikatika upande wa Kilwa na magari yakalala njiani kwa siku kadhaa. Njia nyingine ya lami ni kuzunguka Iringa, Njombe, Songea, Tunduru hadi Masasi, ndipo uje Mtwara: zaidi ya kilomita 1,500. Mwenye shehena nzima anaweza kuzunguka. Mwenye boksi moja la kiti atasubiri.

Hapo ndipo inapofaa kuuliza ni kipi hasa kinastahili kusubiriwa.

Meza ya dukani

Meza nyingi zilizo tayari, za Dar na za maduka ya mjini Mtwara na Lindi, ni za MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa, au za ubao wa chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi na kuvikwa karatasi yenye sura ya mbao. Zina sifa zake. Unaiona, unalipa, jioni unaifanyia kazi. Uso wake ni tambarare kabisa, droo zinateleza, na tundu la kupitishia nyaya limeshatobolewa. Kwa mtu aliyepanga chumba kikavu na anayetarajia kuhama kikazi baada ya mwaka mmoja, inunue tu, usihangaike.

Adui yake ni maji, na si lazima yawe ya mvua. Tazama miguu ya meza ya namna hii katika nyumba inayopigwa deki kila asubuhi. Karatasi ya pembeni huachia kwanza. Kisha sehemu ya chini, kuanzia sakafuni hadi inchi moja hivi, huvimba na kupasuka kingo. Baada ya hapo unga unaanza kumeguka na skrubu inazunguka bure tunduni. Hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani, pwani ya Mtwara, nayo inashughulikia reli za droo na vichwa vya skrubu. Na skrubu ikishalegea kwenye MDF haishiki tena kwa uhakika, ndiyo maana meza hizi hazipendi kuhamishwa: ukiifungua na kuifunga upya mahali pengine, inayumba.

Ukiamua kuinunua, paka vanishi kingo zote za chini kabla haijaingia ndani, na chini ya kila mguu weka kipande cha mpira au plastiki. Ni kazi ya nusu saa inayoongeza miaka.

Ukiagiza kutoka Dar, hatari kubwa ni pembe. Mwambie anayekununulia afungue boksi dukani, ahesabu skrubu na vibao, apige picha pembe zote nne, ndipo boksi lipakiwe kwenye basi. Likishafika Mtwara limepondeka, muuzaji atasema ni basi, na watu wa basi watasema lilitoka hivyo dukani.

Meza ya seremala

Seremala ana faida moja ambayo duka halina: anakata kwa kipimo chako. Lakini kipimo umletee wewe. Ukisema tu unataka meza ya kusomea, atakupa ya inchi 30, kwa kuwa hicho ndicho kimo cha meza ya chakula na mkono wake umekizoea.

"Fundi, naomba kimo kiwe inchi 25."

"Dada, hiyo si itakuwa ya mtoto?"

"Ni ya kompyuta, fundi. Nimepima kwenye kiwiko."

Kaa kwenye kiti utakachokitumia, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, mabega yametulia. Kunja mkono pembe mraba, halafu mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Hicho ndicho kimo cha meza. Mtu wa futi 5 na inchi 2 au 3 atapata inchi 25 hivi. Wa futi 5 na inchi 8 atakaribia 27. Meza ya inchi 30 inamlazimisha yule wa kwanza kupandisha mabega kutwa, na maumivu ya shingo yanayofuata huyatibu kwa kuchua na vidonge, wakati kilichohitajika ni msumeno kwenye miguu ya meza. Upana wa kwenda mbele usipungue inchi 24, ili kioo cha kompyuta kikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Na pale mapaja yanapoingia usikubali droo nene. Droo iwe upande mmoja.

Sasa mbao. Kinachopatikana kwa urahisi ni msindano, yaani paini, inayotoka mashamba ya nyanda za juu kama Sao Hill kule Mafinga. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu, inapigika randa vizuri, na ina uzuri mmoja wakati wa mvua: inaweza kushuka kwa njia ya Songea na Tunduru hata barabara ya pwani ikikatika. Ubaya wake ni ulaini. Ukiandika kwa kalamu ya wino juu ya karatasi moja, maandishi yanabaki kwenye meza. Mchwa nao wanaipenda sana.

Mninga ni daraja jingine. Ni mbao ya miombo ya kwetu, yenye rangi inayokolea kadiri inavyokaa, na sifa yake kubwa kwa kazi hii ni utulivu: hewa ikiwa na unyevu au ikikauka, inavimba na kusinyaa kidogo mno. Kwa uso wa meza pwani, sifa hiyo naithamini kuliko urembo wake. Mkongo ni mgumu zaidi na unastahimili wadudu, ila mafundi huulalamikia kwa kumaliza makali ya randa. Mtiki ukiupata umekomaa, uchukue. Mwembe unatoa ubao mpana wa bei ndogo, lakini bungua huuingia haraka. Utasikia unga unadondoka chini ya meza kabla mwaka haujaisha kama haukupakwa dawa. Mnazi ni mgumu upande wa nje na laini ndani, na nyuzi zake huchoma vidole, kwa hiyo nauacha kwa nguzo na paa. Mpingo ni wa wachongaji.

Kwa mbao yoyote ya msitu wa asili, ulizia risiti na uitazame alama ya nyundo iliyogongwa kwenye mbao na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mbao isiyo na vibali huwa rahisi kwa sababu kuna aliyeibiwa, mara nyingi kijiji chenye msitu wake. Na mkoa wa Lindi una mfano wa kujivunia katika jambo hili: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, ikiwa ya kwanza Afrika miongoni mwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Wanakijiji walioulinda msitu wao wanastahili kulipwa bei ya haki ya mti wao.

Jambo linaloharibu meza nyingi za mafundi, hata za mninga, ni ubichi. Mbao inafika kutoka msituni wiki hii, wiki ijayo ni meza, na baada ya miezi miwili uso umejikunja na kati ya ubao na ubao inapita sarafu. Wakati wa uhaba hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa shehena haikai gengeni hata ipate kukauka. Ubao mbichi ni mzito kuliko wenzake wa kipimo kilekile, ukiuweka shavuni ni wa baridi, na vumbi lake la msumeno hushikana. Njia ya uhakika zaidi inahitaji subira: nunua mbao mapema, zipange ndani ya nyumba na vijiti vya kutenganisha katikati ili hewa ipite, andika upana wa kila ubao kwa penseli, halafu pima tena baada ya wiki tatu. Kama upana umepungua, bado.

Kisha angalia uso unavyofungwa. Mbao tatu za moja kwa nane (unene inchi 1, upana inchi 8) zikishapigwa randa na kuunganishwa ubavu kwa gundi hutoa inchi 22 au 23, kwa hiyo omba ya nne nyembamba iongezwe. Usikubali uso upigwe misumari moja kwa moja juu ya fremu. Mbao itavuta, msumari utaikatalia, na itapasuka katikati. Mwombe fundi atie mataruma, yaani vipande vya mbao vya kukatiza, chini na kufunga kwa skrubu zilizo katika matundu marefu kidogo, ili uso uwe na nafasi ya kujinyoosha. Chagua skrubu zilizopakwa zinki au za shaba. Za kawaida hutoa machozi ya kutu kwenye mbao.

Meza ya miguu ya chuma

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi. Fundi wa kuchomelea anaunda fremu ya mabomba ya mraba ya inchi moja na nusu kwa siku moja au mbili, umeme ukiwepo. Seremala anabaki na kazi ya uso tu. Mbao inayohitajika inakuwa ndogo kiasi kwamba ile bajeti ya meza nzima ya msindano inaweza kutosha uso mmoja wa mninga mkavu. Miguu hailiwi na mchwa wala haivimbi kwa deki.

Linganisha na meza ya mbao tupu: ya mbao inapendeza zaidi na haina kelele ukiigusa kwa goti. Ya chuma inahimili uzito wa printa bila kutikisika na, ukimwambia fundi aifunge kwa bolti badala ya kuichomelea yote, inafunguka na kuingia kwenye bajaji siku ya kuhama. Kutu ndiyo kazi yako ya kila mwaka. Chuma kipigwe msasa, kipakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo ije rangi ya juu. Mafundi wengine huruka hatua ya kati wakiwa na haraka, kwa hiyo pita kwake siku ya kupaka. Midomo ya mabomba izibwe kabisa, la sivyo maji ya deki yataingia na kuoza kutokea ndani.

Na kama kazi inaanza Jumatatu na hakuna chochote? Nunua mlango wa plaiwudi usio na kitasa, uulaze juu ya stendi mbili za mbao zenye kimo cha kiwiko chako. Ni mpana, ni mwepesi, unatosha watu wawili. Usiulemee katikati, kwani ndani una uwazi.

Viti

Hapa nabadilisha wimbo. Nimeona viti vya ofisi vilivyochongwa na mafundi hodari wa hapa, vya mninga, vyenye mgongo wa nakshi za Kimakonde, na ni vizuri kweli. Kwa mkutano wa saa moja vinafaa. Kwa saa nane vinakushinda, kwa sababu mwili unataka kubadilisha mkao kila mara na kiti hicho kina mkao mmoja.

Kiti cha kuagiza kipya kina kimo kinachopanda na kushuka, mgongo unaolegea, na miguu mitano ya kuzunguka. Hizo ndizo sifa unazozilipia. Lakini kagua kitambaa: ngozi ya plastiki katika joto letu hutoa jasho, na baada ya muda huanza kubanduka magamba. Mgongo wa wavu ni bora zaidi kwa pwani. Kama mzigo unapita na barabara ni nzima, na una fedha, agiza hiki.

Barabara ikiwa mbaya, au bei ikiwa imeruka, mimi ningetafuta kiti cha ofisi kilichoharibika. Mtwara na Lindi kuna miradi inayofungwa, ofisi zinazohama, taasisi zinazouza vifaa chakavu kwa mnada, na stoo nyingi zina viti vilivyotupwa kwa hitilafu moja ndogo. Ubora wa kiti uko kwenye kiunzi chake, na kiunzi cha kiti cha zamani cha ofisi kubwa mara nyingi ni kizito kuliko cha kiti kipya cha bei ya chini.

Kijue kilichoharibika kabla ya kulipa. Sponji iliyolala na kitambaa kilichochanika si tatizo; fundi wa makochi atakiweka sawa kwa siku moja, ila mwambie atumie sponji ngumu, kwani mabaki ya godoro laini yatalala ndani ya mwezi. Gurudumu lililopotea unaweza kulichukua kwenye kiti kingine kibovu. Miguu ya plastiki iliyopasuka ni tatizo la kati: bila ya kubadilishia, achana nacho, maana ufa huo siku moja utakuangusha.

Tatizo la kawaida kuliko yote ni kiti kinachoshuka chenyewe ukikikalia. Silinda yake ya gesi imechoka. Silinda mpya huenda isipatikane hapa, lakini dawa ipo kwenye duka la vifaa vya maji. Pandisha kiti hadi kimo chako. Pima ile sehemu ya fimbo inayong'aa iliyo wazi, kata bomba la plastiki la urefu huohuo, lipasue upande mmoja kwa msumeno, ulibane kuizunguka fimbo na ulifunge kwa vibano vya bomba. Kiti hakitashuka tena. Umepoteza uwezo wa kubadilisha kimo, umebaki na mgongo, mzunguko na sponji. Angalizo moja, na nalisema kwa uzito wote: fundi asiichomelee silinda wala kuitoboa. Ndani yake kuna gesi yenye msukumo mkubwa na inaweza kulipuka.

Kama hata hicho hakipatikani, kiti cha mbao cha chakula kinazidi kiti cha plastiki cha uani. Cha plastiki kimelala kwa nyuma kwa ajili ya mapumziko, na mikono yake hugonga meza kabla hujaifikia. Kwenye kile cha mbao weka sponji ya inchi mbili na mto mdogo kiunoni, kisha simama kila nusu saa. Kiti cha kusuka kwa kamba kinapitisha hewa vizuri wakati wa kaskazi, ila kamba zikilegea unazama, na kile kimo ulichompimia fundi kinakuwa si chako tena.

Rafu, na majira ya kuagiza

Rafu isikusumbue. Ubao wa msindano na vishikio vya chuma ukutani vinatosha. Iwe mbali na ukuta unaovuja, na vitabu visiguse sakafu.

Majira yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Minada ya korosho ikianza, kwa kawaida Oktoba, fedha huingia, na mafundi wa Masasi, Newala, Tandahimba hadi mjini hupokea oda za vitanda, makabati na makochi. Meza yako ndogo itasukumwa nyuma. Baada ya hapo mvua zinaingia, mbao hazikauki, na barabara ya Kilwa inaanza kutiliwa shaka. Kati ya Juni na Agosti kusi inavuma, hewa ni kavu, mafundi wana nafasi na malori yanapita. Atakayehitaji ofisi Januari anunue mbao Julai.

Mbao nunua mwenyewe, ukiwa na fundi ubavuni achague nawe. Fedha ya ufundi igawe: sehemu anapoanza kazi, sehemu fremu ikisimama, iliyobaki baada ya wewe kukaa kwenye meza na viwiko vikatulia. Vipimo viandikwe kwenye karatasi mbili, yako na yake, kwa inchi, maana futi kamba ya mtu inaweza kuwa imekatika ncha.